Mvua, Benchi na Ndoo

Jumatatu, 2 Machi

Mvua milimita tisa. Benchi watu kumi na mmoja. Ndoo moja.

Nieleze, maana daftari hili ni jipya, na mapacha wangu wakilisoma siku moja wasije wakasema mama yao alikuwa na kichaa cha kuhesabu. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Siku ya kustaafu shule ikanizawadia kipimamvua cha zamani, kile cha shaba, nami nikakisimika nyuma ya jiko. Kila saa tatu asubuhi nakisoma. Hiyo ndiyo mvua. Benchi ni lile la barazani kwetu, lililotoka kwenye banda la baiskeli la mume wangu kabla hajawa diwani. Zamani walilikalia wateja wakisubiri kuzibiwa pancha. Sasa wanalikalia wananchi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila mtu na shida yake mkononi. Na ndoo ni hizi ninazotega chumbani kwetu, chini ya paa linalovuja.

Naam. Mheshimiwa wa vipindi vitatu, mtu aliyesimamia madaraja mawili, zahanati, na sasa mtaro mpya wa soko, analala chini ya paa linalovuja. Mganga hajigangi.

Alhamisi, 5 Machi

Milimita nne. Benchi tisa. Chai ya mume wangu, Baba Pacha, imepoa mezani, nimeinywa mwenyewe.

Ijumaa, 6 Machi

Hakuna mvua. Nilipita sokoni nikamkuta Fundi, yule aliyeujenga mtaro, anamwaga zege la kitako cha jiwe la uzinduzi, maana kesho mtaro unazinduliwa. Alikuwa amenuna.

"Mwalimu, mimi nilitaka jiwe likae kule ng'ambo," akaniambia. "Mheshimiwa amesema hapa langoni, kwa sababu hapa ndipo pakavu. Mgeni rasmi atasimama wapi, kwenye matope?"

Nikamwambia kama amesema hapa basi ni hapa, na mimi nafuata vitunguu vyangu.

Jumamosi, 7 Machi

Siku ndefu. Mgeni rasmi alifika amevaa viatu vyeupe, na kweli havikuchafuka. Pazia likavutwa, jiwe likaonekana, na jina la mume wangu limechongwa pale chini ya jina la mgeni, herufi ndogo kidogo lakini nzuri. Miaka kumi na mitano ya udiwani na hilo ndilo jina lake la kwanza kuandikwa mahali pasipofutika kwa mvua. Nilimwona akiligusa kwa kidole watu walipogeuka. Nami, licha ya yote, nikageuka nimwachie wakati wake.

Mambo yaliharibika kwenye hotuba. Yule kijana mwenye kiwanda cha matofali, ambaye kila mtu anajua anautaka udiwani, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mtaro tumeuona! Utameza maji au utayatema sokoni kama kawaida?"

Watu wakacheka. Mume wangu hapendi kuchekwa. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili na kusema, nanukuu: "Soko hili limefurika kila mwaka tangu nikiwa kijana. Basi sikilizeni. Maji yakiingia sokoni mvua hizi, mimi sigombei tena. Fomu zitatoka Mei, na hamtaniona kwenye foleni."

Makofi, vigelegele. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini nani wa kumwambia?

Nitaandika ukweli, hili daftari ni langu. Nilifurahi. Aliniahidi ataacha baada ya kipindi cha kwanza, kile alichoshinda kwa kura kumi na mbili, moja ikiwa yangu, na nusura nimnyime. Akaahidi tena baada ya cha pili. Sasa hatimaye kuna kitu kinachoweza kumrudisha nyumbani, nacho kinapimwa kwa milimita.

Jumatano, 11 Machi

Milimita kumi na nane. Soko kavu. Benchi kumi na wanne, wote wanampongeza kwa mtaro, hakuna hata mmoja aliyefuta viatu.

Jumatatu, 16 Machi

Milimita ishirini na mbili. Ndoo mbili.

Leo nimefanya kituko. Kila nikitaka kumwambia habari ya paa, ama simu inalia, ama Katibu wa kata anabisha hodi na faili lake kwapani. Basi saa kumi na mbili na nusu nikajifunga khanga, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka, nikaketi kwenye benchi. Nilikuwa wa nne. Mbele yangu alikuwa mzee wa mgogoro wa mpaka, mama wa maharage kutoka sokoni, na dereva aliyenyang'anywa leseni. Wakaniangalia kwa aibu.

"Mwalimu, pita tu wewe, ni kwako," mama wa maharage akasema.

"Hapana, dada. Foleni ni foleni."

Zamu yangu ilipofika Baba Pacha alikuwa ameinamia lile daftari lake la shida, hakuinua macho. "Karibu. Shida yako?"

"Paa la chumba cha kulala linavuja, Mheshimiwa. Mwaka wa nane huu."

Hapo akainua macho. Benchi zima likaangua kicheko, naye akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha, mbele ya macho yangu, akaandika: *Namba 4. Mama Pacha. Paa.* Akafunga kalamu na kusema lile neno lake analowaambia wote: "Nitalishughulikia."

Nikamwambia wananchi wamechoka na neno hilo. Mzee wa mpaka akapiga makofi.

Jumapili, 22 Machi

Milimita thelathini na moja. Nilimfuata Baba Pacha sokoni nikijifanya nataka nyanya. Kukavu. Alisimama langoni chini ya mwavuli, mkono juu ya jiwe lake, anatabasamu na kila apitaye. Nyumbani ndoo mbili.

Jumamosi, 28 Machi

Milimita thelathini na nne, na nimeona kitu.

Nilikuwa kibandani kwa Kipaza, mama muuza nyanya, ambaye ndiye mwenyekiti wa soko. Wanamwita Kipaza kwa sababu akitaja bei huku, wateja wanaisikia kituo cha mabasi. Mvua ikatukamata, nikabaki naye, nikitazama maji kwa mazoea ya kazi. Mtaro mkubwa unafanya kazi yake vizuri, sikatai. Lakini soko lenyewe lina mtaro wake mdogo, unaotoka ndani na kumwaga kwenye ule mkubwa pale langoni. Na pale unapomwaga ndipo walipojenga kitako cha jiwe la uzinduzi. Fundi amepitisha bomba chini ya zege, jembamba kama mkono wangu. Maji yalifika pale, yakasita, yakazunguka, yakaanza kurudi. Mvua ikakatika kabla hayajafika popote.

Wanafunzi wangu wa darasa la sita wangeliona lile kosa. Mtaro mzima umejengwa sawasawa, halafu ukazibwa na jiwe la kuusifu. Ni wanasiasa tu wanaoweza kufanya kosa la namna hiyo.

Nilirudi nyumbani na nyanya zangu. Baba Pacha akauliza, "Sokoni vipi?"

"Kukavu," nikasema. Wala sikudanganya.

Jumatatu, 30 Machi

Milimita saba. Sijasema.

Jumatano, 1 Aprili

Milimita kumi na tisa. Benchi kumi na watatu. Sijasema. Ninajiambia yeye ndiye diwani, kuna Katibu, kuna Fundi, kuna mhandisi aliyesomea. Kwa nini niwe mimi? Nimewapa watu mwanamume huyu miaka kumi na mitano. Mvua moja nzito tu, nami napewa mume wangu.

Ijumaa, 3 Aprili

Milimita ishirini na nane. Ndoo tatu.

Leo Baba Pacha aliingia jikoni benchi lilipoisha, uso umemng'aa. "Unajua mama wa maharage kaja kufanya nini? Hana shida yoyote. Amekuja kuniambia kwamba mwaka huu, mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe, mvua ikinyesha analala. Zamani alikuwa anakesha akiwaza magunia yake. Ametoka kwake na giza, akapanga foleni, kuja kunambia hilo tu."

Akanywa chai yake, ya baridi, amesimama, huku akiimba puani.

Nimekaa na daftari hili saa nzima. Nimemjua mtu huyu tangu akiziba pancha, na nilidhani anapenda kuitwa Mheshimiwa. Labda anapenda. Lakini leo hakuna aliyemwita hivyo na sijamwona na furaha kama ile tangu mapacha walipozaliwa. Kesho nitamwambia.

Jumamosi, 4 Aprili

Aliondoka alfajiri kwenda kikao cha halmashauri, akarudi amechoka, akalala na viatu. Hakuna mvua. Nikasema, aa, kesho.

Jumapili, 5 Aprili

Kipimamvua kilifurika. Kinaishia milimita mia moja, kwa hiyo sijui, na sitajua.

Ilianza alfajiri. Sio mvua ya kunyesha, ni ya kumwaga. Saa moja nilimkuta amesimama dirishani, amevaa kofia, anasikiliza. "Mtaro utahimili," akasema. "Nimeupima mimi mwenyewe kwa miguu."

"Mtaro utahimili," nikamjibu. "Jiwe lenu ndilo limeziba njia. Mtaro mdogo hauna pa kutokea. Maji yanarudi ndani."

Alichukua nyundo kubwa kutoka kwenye lile sanduku la vyuma vya baiskeli, akatoka mbio. Mimi nikafuata na jembe. Watu wawili wazima, mmoja na nyundo, mmoja na jembe, tunakimbia barabarani Jumapili asubuhi. Majirani walidhani tumegombana.

Tulipofika langoni maji yalikuwa yameshaingia. Safu ya chini yote, vifundoni. Kipaza alikuwa anapiga kelele huku amebeba makreti, na mama wa maharage amekumbatia gunia lililoloa anajaribu kulipandisha mezani peke yake. Nilitupa jembe nikamsaidia. Hakujua kwa nini ninalia. Alidhani ni mvua.

Baba Pacha akasimama na nyundo mbele ya jiwe. Nilimwona anasita, kiasi cha kuvuta pumzi moja. Pigo la kwanza likaenda kwenye kitako, la pili pia, la tatu likapasua jiwe lenyewe, katikati ya majina.

"Mheshimiwa!" Kipaza akapaza. "Jina lako hilo!"

"Jina halioti, mama!" akamjibu akiendelea kupiga. "Maharage yakilowa yanaota!"

Fundi akaja mbio na mtaimbo, wakasaidiana. Zege lilipong'oka, maji yakatoka kwa kishindo, kama mtu aliyezuiwa kusema. Haikuchukua robo saa, soko likawa matope tu. Magunia mawili ya maharage yameharibika, na kreti tatu za nyanya. Kwa mafuriko ya pale ni kidogo. Kwa mwenye magunia si kidogo.

Alikaa juu ya kipande cha jiwe lake, amelowa chapachapa. Nikaketi karibu naye.

"Ulijua lini?" akauliza bila kunitazama.

"Jumamosi."

"Jana?"

"Ile ya wiki iliyopita."

Akaokota kipande chenye nusu ya jina lake, akakigeuzageuza, akakiweka chini. Halafu akaenda kusaidia kutoa matope.

Jumatatu, 6 Aprili

Milimita kumi na mbili. Benchi kumi na saba. Hajasema nami neno. Nimempelekea mama wa maharage magunia mawili tuliyokuwa tumeweka ghalani, nikamwambia ukweli wote. "Mwalimu," akasema, "mimi wangu angekuwa hai, ningefanya mabaya zaidi."

Jumanne, 7 Aprili

Ndoo tatu. Tulikuwa tumelala tukisikiliza matone, kila ndoo na sauti yake, ndipo akasema, "Ulitaka nianguke?"

"Nilikutaka nyumbani."

"Si ungesema!"

"Nilisema, Baba Pacha. Nilipanga foleni."

Nikasikia kitanda kinatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Namba nne," akasema. "Ee Mungu wangu, namba nne." Tukacheka wote mpaka tone likamwangukia mdomoni.

Jumapili, 19 Aprili

Milimita tatu. Mkutano wa hadhara sokoni.

Kijana wa Matofali alifika amepiga suti, tayari kumkumbusha ahadi. Hakuipata nafasi. Kipaza alisimama kwanza. "Mimi ndiye mwenyekiti wa soko," akasema, bila kipaza sauti wala kukihitaji, "na natangaza kwamba maji hayakuingia. Yalibisha hodi, hatukuyakaribisha, yakaenda zake."

Soko zima likalipuka. Hata mama wa maharage, aliyepoteza magunia, akapaza, "Ule ulikuwa umande!" Watu wanampenda jamani. Sikuwahi kuliona hilo hivyo. Nilikuwa nauona uchafu wa viatu barazani tu.

Baba Pacha akangoja watulie. "Asanteni," akasema. "Lakini nilisema yakiingia. Sikusema yakikaa. Na mahali pa lile jiwe nilipachagua mimi, Fundi alinikataza. Nimewatumikia miaka kumi na mitano, na sijawahi kuwaomba mniongopee. Nisianze leo. Nitamaliza muda wangu, lakini fomu sichukui."

Nikanyoosha mkono. Nilitaka kuungama siku zangu nane za kuficha, mbele ya wote. Akaniona. "Mwalimu," akasema, "leo maswali hayapokelewi." Na akanikazia jicho lile la zamani la banda la baiskeli, la kuniambia kaa, hii pancha naiziba mimi.

Nikaketi. Nililia bila kujificha. Nilipata nilichokitaka, na nilitamani nikirudishe.

Jumatatu, 11 Mei

Milimita mbili. Fomu zimeanza kutolewa. Kipaza na wenzake kumi na wanne walikuja na fomu waliyomchukulia, wamekwisha kuijaza kila kitu isipokuwa sahihi. Akawashukuru mmoja mmoja kwa jina, akaikunja vizuri, akamrudishia Kipaza. "Jaza wewe," akamwambia. "Sauti unayo." Watu wakacheka. Kipaza hakucheka, aliondoka akiitazama ile karatasi.

Jumatano, 13 Mei

Hakuna mvua. Benchi watano.

Ijumaa, 15 Mei

Benchi wawili, mmoja alikuwa amekosea nyumba. Siku hizi wanapita kwa Kijana wa Matofali, na wengine kwa Kipaza, ambaye fomu amerudisha kweli. Siwalaumu. Mgonjwa humfuata mwenye dawa.

Jumatatu, 18 Mei

Mvua milimita kumi na moja. Benchi hakuna. Ndoo tatu.

Saa kumi na mbili na nusu alikuwa amekwisha kuvaa. Akakaa ndani, daftari lake la shida mapajani, anasikiliza kama kuna miguu. Saa mbili akatoka na kitambaa, akalipangusa benchi lote, mwanzo mpaka mwisho, akaingia. Niliwahi kuombea asubuhi kama hii. Nilijikuta nafagia baraza iliyokwisha kufagiwa, ili pasikike sauti ya mtu.

Jumatano, 20 Mei

Mvua sifuri. Benchi mmoja.

Nilisikia kikohozi barazani saa kumi na mbili na nusu, moyo ukaruka kwa ajili yake. Nikaenda kumwamsha, kitanda kitupu. Nikatoka na kikombe cha chai nimkaribishe mgeni.

Alikuwa yeye. Ameketi mwisho wa benchi, shati safi, kofia ameishika magotini kama wote wanavyofanya.

Nikajikaza. Nikavuta kiti chake, nikaketi mbele yake. "Karibu. Shida yako?"

"Mimi ni fundi baiskeli," akasema, "nimekuwa likizo miaka kumi na mitano. Kuna mama mmoja aliandikisha shida yake tarehe kumi na sita Machi, namba nne." Akafungua daftari akanionyesha. Kurasa zote zina alama ya vema, mstari kwa mstari, mgogoro wa mpaka, leseni, yote. Mmoja tu hauna. "Mabati nimeshaagiza, yanakuja saa tatu. Naomba ruhusa nipande juu ya nyumba yake, na mtu wa kunishikia ngazi."

Nilitaka kumjibu kwa ukali wangu wa darasani. Nilichoweza kusema ni, "Nitalishughulikia."

Akacheka kicheko cha kuamsha mtaa. Nikahamia kwenye benchi, nikamkabidhi kikombe, akanywa. Ilikuwa bado moto, akaungua ulimi, akanilaumu mimi.

Ijumaa, 22 Mei

Mvua milimita sita. Benchi wawili, yeye na mimi. Ndoo hakuna.